Bwana Mkubwa Hataki Kuonyeshwa Meno

9 Februari

Dada yangu mpendwa,

Barua hii ikukute umekaa, ingawa najua hukai. Sisi huku wazima. Mama Kibonge bado yuko pale mapokezi kwa daktari wa meno na wanampenda. Kibonge katimiza miaka mitatu, anaongea mpaka akilala. Mimi nipo na kiwanda changu cha magodoro. Tumepata mashine mpya ya kukata sponji, na tayari nimeiwekea vibao vitano vya onyo.

Nimeamua tuwasiliane kwa barua. Mara ya mwisho kwenye simu ulinifokea mpaka wenzangu wakadhani kuna mkanda umekatika. Isitoshe, mimi ni mtu wa maandishi. Katika kazi ya usalama, jambo ambalo halijaandikwa huhesabiwa halikutokea, na simu haiandiki.

Hoja yako, kama niliisikia vizuri katikati ya matusi, ni kwamba nyani hakai nyumba moja na mtoto mdogo. Dada, unasema "nyani" kana kwamba nimemwokota jana. Bwana Mkubwa ana miaka sita humu ndani. Dereva wa lori letu alimleta anaenea kiganjani, mama yake kagongwa barabarani, nikamlea kwa chupa. Nilikuwa kapera. Alikuwa ananipokea mlangoni, na hakuna mtu mwingine aliyekuwa ananipokea. Kibonge ndiye aliyemkuta. Kwa haki kabisa, mgeni ni Kibonge.

Na usidhani tunaishi kiholela. Nimeandika kanuni kumi na mbili, nimezitia plastiki, nimezibandika mlango wa jikoni kwenye usawa wa macho ya mtoto, kwa michoro kwa sababu hajui kusoma. Hakuna kukimbia sebuleni. Hakuna kula mbele ya Bwana Mkubwa kabla yeye hajapata chake. Hakuna kumkazia macho. Hakuna kumwonyesha meno, maana kwao meno ni kutangaza vita. Kibonge akitaka kucheka anafunga mdomo au anaweka kiganja. Kajifunza kwa wiki mbili tu! Wageni wote wanamsifu kwa adabu.

Ukutani nimetundika kibao kama cha kiwandani. Leo kinasema: SIKU 412 BILA AJALI. Nadhani hapo hatuna tena la kubishania.

Msalimie shemeji na goti lake.

Mdogo wako,
Afisa Usalama


23 Februari

Mdogo wangu,

Barua imefika na imenikuta nimesimama. Shemeji yako anakusalimu. Goti linamsumbua, na yeye anatusumbua sisi. Zahanati tumefurika. Chumba changu cha kufungia vidonda kimepakwa rangi mpya, ya kijani, sijui nani aliwadanganya kwamba kijani kinatuliza watu.

Nimesoma kanuni zako. Nimezisoma mara mbili nikitafuta hata moja inayomhusu nyani. Zote ni za mtoto! Umemkalisha binti yako kitako ukamfundisha namna ya kuishi kwa nyani, ndani ya nyumba ya baba yake. Na mama yake anafanya kazi kwa daktari wa meno! Kutwa anawaambia watoto wa watu wafungue mdomo, akirudi anamwambia wake aufunge. Nyinyi watu mnaumwa?

Sikiliza. Nina miaka kumi na tisa kwenye kazi hii. Kila anayeng'atwa huja na mwenye mnyama pembeni, na mwenye mnyama ndiye anayeanza kuongea: "Hajawahi kumuuma mtu." Juzi kaja fundi bomba, paja limechanwa na mbwa wa jirani. Jirani mwenyewe kasimama hapo ananieleza upole wa mbwa wake huku mimi nashona. Ikabidi nimuulize fundi bomba naye ana maoni gani.

Nyani dume akifika umri wa huyo wako anaota meno ya chonge marefu kuliko kidole changu cha mwisho. Anataka kujua ndani ya nyumba nani yuko juu ya nani. Juu yako hathubutu bado. Juu ya mkeo anajaribu. Aliyebaki unamjua.

Kuna watu wa wanyamapori, kazi yao ni hiyo. Waite. Najua ulimlea kwa chupa, na najua kumtoa kutakuuma. Mimi sikukatazi kuumia, nakataza aumie mtoto. Na sikuombi, nakwambia, kama mtu aliyekubeba mgongoni mpaka ukamkojolea.

Mbusu Kibonge. Mwambie shangazi yake anacheka kwa meno yote aliyobakiza.

Dada yako


20 Machi

Dada,

Usione kimya. Posta siku hizi inatembea kwa magoti, na kazini tulikuwa na ukaguzi. Tumepata alama za juu kabisa kwa usalama. Mkaguzi alisema hajawahi kuona kiwanda chenye vibao vingi hivi, hata chooni.

Huku salama. Mama Kibonge hayupo, amesafiri kidogo kwenda kwao kumwangalia mama yake anayesumbuliwa na miguu. Kaondoka na mtoto. Sijui watarudi lini, miguu haitabiriki.

Nikuambie kabla hujasikia kwa watu: Kibonge alichunika kidogo mkono kabla ya safari. Alikuwa anacheza jikoni, unajua sakafu ya saruji ilivyo. Si kitu. Kibao sikukirudisha sifuri kwa sababu nimepitia mwongozo na kuchunika hakumo kwenye ajali. Leo tuko 451.

Bwana Mkubwa anawakumbuka sana. Ameacha kulala kwenye kikapu chake. Siku hizi anakalia kile kiti cha mama Kibonge pale mezani, naye hapendi niguse sahani kabla hajashiba, kwa hiyo nangoja. Chai ikipoa si mwisho wa dunia. Nimemwongezea mkate asijione mpweke.

Watu wanasema mnyama hana moyo. Waje wamwone anavyochungulia mlango.

Mdogo wako


27 Machi

Mdogo wangu,

Sina salamu ndefu. Shemeji yako yupo, goti lipo.

Pole kwa miguu ya mama mkwe wako, ambaye jana alikuwa sokoni anabishana na mtu kuhusu ndoo. Nilimwona kwa macho yangu, na miguu yake miwili.

Huo mkono uliochunika ni wa kulia, chini kidogo ya bega. Ngozi iliyochunika kwenye saruji haiwi na matundu manne. Najuaje? Leo asubuhi nimebadilisha kitambaa. Kidonda kinafunga vizuri, na sindano za kichaa cha mbwa amemaliza zote. Alipiga kelele kwa ile ya kwanza tu, zilizofuata akawa ananishikia pamba.

Wako kwangu tangu tarehe tatu. Walishuka kwenye basi na begi moja na ndala za kuogea. Wifi aliniomba nisikuambie, nami nikakubali, kwa sababu nilitaka nione wewe mwenyewe utaniandikia nini. Sasa nimeona. Siku kumi na nane unakaa na kalamu, halafu unaniandikia saruji.

Jambo moja lielewe vizuri. Wifi hakuondoka kwa sababu ya meno ya yule mnyama. Aliondoka kwa sababu ya kilichofuata baada ya dakika ile. Amenisimulia mara moja tu, akanikataza nisiliandike, na sitaliandika. Liandike wewe. Unajua mwenyewe ni lipi.

Dada yako


18 Aprili

YAH: TUKIO DOGO LA TAREHE 2 MACHI

Dada,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Natumaini wote hamjambo.

Kwanza nasikitishwa na kitendo cha kuificha familia yangu kwa wiki kadhaa bila taarifa. Mtu wa damu yangu mwenyewe! Ungekuwa mfanyakazi wetu ungekuwa tayari umeshajieleza mbele ya kamati.

Pili, kwa kuwa unapenda maandishi, nimejaza fomu ile ile tunayotumia kazini, nakala naiambatanisha. Nakunukulia yaliyo muhimu.

Mahali: jikoni. Muda: saa mbili asubuhi, chai ikiwa mezani. Waliohusika: mtoto (miaka mitatu) na Bwana Mkubwa. Chanzo cha tukio: mtoto alidondosha kipande cha mkate kwenye kikombe, akacheka akiwa na meno wazi, kinyume cha Kanuni ya Nne ambayo alishafundishwa na kuielewa. Madhara: jeraha la mkono. Hatua zilizochukuliwa mara moja baada ya tukio:

Mapendekezo: mtoto apewe onyo la kwanza kwa maandishi (limo ndani ya bahasha, msomee taratibu), yeye na mama yake wapate mafunzo ya marudio ya siku mbili, na michoro ya mlangoni ikuzwe.

Kama unavyoona, hakuna mtu anayeficha kitu. Naomba familia irejee ifikapo mwisho wa mwezi. Bwana Mkubwa yuko tayari kusahau.

Mimi sijambo. Nimekonda kidogo. Siku hizi naogea kiwandani na chai nakunywa huko huko, ni karibu zaidi na kazi. Jikoni anapashughulikia yeye.

Wako katika ujenzi wa usalama,
Mdogo wako


2 Mei

Mdogo wangu,

Nakusalimu, ingawa nilikaa siku tatu bila kuweza kuandika neno lisilo tusi.

Onyo la maandishi nimemsomea mhusika kama ulivyoagiza. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama upande wa pili ni mweupe, akachora kuku. Kuku mwenyewe ana miguu mitano, lakini ndiye kitu cha maana zaidi kwenye karatasi ile.

Sasa nikuambie ninachokiona hapa kwangu, kwa kuwa wewe una fomu na mimi nina macho. Wiki ya kwanza Kibonge alikuwa anakaa mezani na mikono mapajani mpaka shemeji yako ameze tonge la kwanza. Shemeji yako akadhani ni heshima, akafurahi, na yeye ukimheshimu hakuulizi kwa nini. Nikamwambia mtoto, kula mama. Akanong'ona, "Mjomba ameshiba?" Kila mwanamume kwake ni mjomba. Nilikwenda jikoni nikalia kwenye kanga, nakwambia bila aibu.

Halafu akaja fundi wa redio, mtu mmoja mropokaji sana, akaanza kumchekesha. Mtoto akaziba mdomo kwa mikono miwili, mabega yanatikisika, macho kwenye mlango. Fundi akaniuliza, "Huyu ana jino bovu?" Nikasema hapana, ana baba. Imechukua mwezi mzima mpaka acheke na mdomo wazi. Sasa anacheka mpaka majirani wanalalamika, na mimi nawaambia walalamike tu.

Fomu yako nimeisoma kama ninavyosoma kadi ya mgonjwa, kuanzia juu. Umejaza kila kitu. Umejaza mpaka kikombe na mkate. Pale penye "Hatua zilizochukuliwa mara moja baada ya tukio" umeweka nukta mbili, ukaruka mstari. Mtu ambaye ameweka kibao cha onyo chooni haruki mstari kwa bahati mbaya.

Jaza hapo. Usipapambe, usiweke kanuni. Mpaka uwe umejaza, usije, na usitume fomu nyingine. Wifi hajasema hatarudi kwako. Hajasema atarudi pia. Akisikia posta wamebisha anaacha anachofanya, halafu anajifanya hakuacha.

Dada yako


16 Juni

Dada yangu,

Samahani kwa mwandiko. Naandika kwa mkono wa kushoto, mstari mmoja unanichukua muda wa kunywa chai. Wa kulia umefungwa. Aliyenifunga pale hospitali ni kijana, hana mkono mwepesi kama wako. Nilipoingia nilijikuta namwambia, "Hajawahi kumuuma mtu." Akaniangalia mkono, akaniangalia usoni, akaendelea na kazi yake.

Nilicheka. Ni hivyo tu. Redioni walikuwa wanasema kitu cha kijinga, nilikuwa sijacheka kwa muda mrefu, nikasahau.

Watu wa wanyamapori walikuja Jumanne wakamchukua. Watamweka mahali wanapofundisha waliolelewa na watu kuishi na wenzao. Sitajisifu kwamba niliwaita kwa ajili ya Kibonge. Kwa ajili ya Kibonge nilikuwa na siku mia moja za kuwaita na sikuwaita. Niliwaita kwa ajili ya mkono wangu. Mmoja wao akaniuliza kama nyumbani kuna watoto, nikasema hapana. Nikasikia nilivyosema.

Alipoingizwa kwenye kizimba alininyooshea mkono, na nililia, Dada. Usinicheke. Hata ukinicheka, sawa.

Sasa pale nilipoacha tupu.

Nilisikia kelele nikatoka sebuleni mbio. Kibonge alikuwa chini karibu na mlango, damu inatoka. Bwana Mkubwa yuko juu ya meza, anatetemeka, nywele zimesimama. Kanuni ya Saba inasema likitokea jambo, atulizwe yeye kwanza, kwa sababu akiona mwingine anabebwa anapata wivu. Kanuni hiyo niliitunga mimi. Nikamchukua yeye. Nikamkumbatia, nikamwambia pole, yamekwisha. Kibonge alinyanyua mikono yote miwili nimbebe. Nikamwambia, "Subiri kidogo, mama."

Akasubiri. Hakulia hata. Alishusha mikono akasubiri, kama nilivyomfundisha.

Nilipogeuka mama yake alikuwa mlangoni na taulo. Alimbeba akapita, na mimi bado nina mnyama mikononi.

Nimeandika kama ilivyokuwa. Kanuni nimezibandua mlangoni. Gundi imegoma kutoka, mlango umebaki na mabaka. Naomba nije.

Mdogo wako


24 Juni

Mdogo wangu,

Hatujambo. Mkono wako usiuloweshe, na usiupake dawa ya rafiki yako yeyote. Ukija nitaufungua niuone mwenyewe.

Barua nilimpa wifi aisome. Alikwenda nayo uani, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akakaa sana. Aliporudi alisema, "Angalau hakusema saruji." Akaikunja akaiweka kwenye begi lake, lile lile alilokuja nalo. Usiniulize maana yake. Mimi nafunga vidonda, siagui.

Sikucheki kwa kulia. Miaka hii kumi na tisa nimeona wanaume wengi wakiongea juu ya mnyama huku mtoto anavuja damu, na wewe si wa kwanza. Ila wao si wadogo zangu. Wewe nilikuwa nakuonea aibu, na aibu yenyewe bado ninayo, imepungua kidogo.

Njoo Jumamosi, basi la asubuhi. Usije na midoli, usije na karatasi yoyote. Kibonge akikuona huenda akaja, huenda akajificha nyuma ya kanga yangu. Akijificha usimfuate, usimbembeleze, usimweleze kitu. Kaa chini sakafuni ungoje, hata kama ni mpaka jioni.

Nimemwambia baba yake anakuja. Alifikiri kwanza, kama watu wazima, halafu akaniuliza: "Bwana Mkubwa amemruhusu?"

Njoo umjibu wewe.

Dada yako